Video fupi za kuwasaidia wanafunzi wa desetesheni, zinafaa kweli au tunajidanganya?

Supavaiza_hoi:
Wakuu habari zenu. Mwaka huu nina wanafunzi 14 ninaowasimamia kuandika desetesheni, ile ripoti ndefu ya utafiti ya kumalizia chuo, na nimechoka kurudia maneno yale yale, tatizo la utafiti na swali la utafiti yana tofauti gani, mapitio ya machapisho (kueleza wengine wameshaandika nini) yanaanzaje, sampuli ya watu wangapi inatosha, yaani huyu akitoka anaingia mwingine na swali hilohilo. Nawaza nirekodi vivideo vifupi niweke mtandaoni, mtu akikwama aangalie kabla hajanitafuta. Mwenzangu mmoja ananicheka eti watazitazama kama vichekesho na kesho hakuna kilichoandikwa. Kuna aliyewahi kufanya hivi? Ziwe na urefu gani, na niongee nini humo?

ChaktuKidogo:
Nilifanya, na mwanzo nilichemka vibaya. Nilirekodi lekcha nzima ya methodolojia, yaani mbinu za utafiti, dakika 50, nikaipandisha hivyohivyo. Ukiangalia ule mstari wa watazamaji unaporomoka kabla hata sijamaliza salamu, maana niliweka salamu na utangulizi na malengo ya somo kama niko ukumbini. Kuna utafiti wa 2014 wa kozi za edX, jukwaa la kusomea mtandaoni, waliangalia kama mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video, na hata video iwe ndefu vipi angalau nusu ya mara hizo mtu hakuvuka dakika 6. Basi nikaikatakata ile lekcha, nayo ikawa kichekesho, kila kipande kinasema "kama nilivyoeleza mwanzoni", mwanzoni wapi sasa? Ikabidi nirekodi upya, video moja swali moja, na jina la video ndo swali lenyewe jinsi wanavyoliuliza. "Methodolojia sehemu ya 3" hakuna aliyeigusa. "Kwa nini supavaiza anasema mapitio yangu ni orodha tu", hiyo waliifungua mpaka wa vitivo vingine.

Na hiyo ndo iliyosaidia kuliko zote. Sikueleza chochote cha maana, niliweka tu aya mbovu kwenye skrini, zile za fulani 2015 alisema hivi, fulani 2018 akasema vile, alafu nikaanza kuipanga upya huku naongea, hawa wawili wanakubaliana nawaweka pamoja, huyu anawapinga kwa sababu alihoji watu tofauti, hapa kuna pengo na swali langu linaingilia hapa. Nikifuta sentensi wanaona nafuta, nikikwama wanaona nimekwama. Mwanafunzi siku zote anaona kazi ya mtu ikiwa imeshakamilika, hajawahi kuona mtu akihangaika nayo.

nimemaliza_juzi:
Mi naongea kama mwanafunzi. Video ziliniokoa kwenye mambo ya kubofya, Zotero ya kupanga marejeo, SPSS ya kuchambua takwimu, na ule mtihani mkubwa kuliko utafiti wenyewe wa kuweka namba za kirumi kurasa za mwanzo alafu 1 ianzie chapta ya kwanza 😂 hayo maandishi hayaelezi, mpaka uone mkono wa mtu unapita wapi. Ila angalieni tarehe, mimi nilifuata video ya zamani ya APA, ule mtindo wa kuandika marejeo, nikaweka mji wa mchapishaji kwenye marejeo yote, kumbe toleo la 7 lilitoka 2019 na mji ulishaondolewa, nikarudia yote usiku. Kwa hiyo mkuu ukiweka video andika ni toleo gani na ya zamani ishushe. Na mada yako kuwa pana mno hakuna video itakayokwambia hilo, anakwambia supavaiza aliyeisoma.

Kalamu_kavu:
Huyo mwenzako anayekucheka ana pointi. Niliwahi kutazama video 11 za jinsi ya kuandika utangulizi na utangulizi sina, na mbaya zaidi nikilala najiona nimefanya kazi. Ile ya kumi na moja mtu alisema simamisha video sasa hivi, andika sentensi moja, utafiti huu unataka kujua nini, usiendelee mpaka uwe nayo. Niliandika. Kwa hiyo kila video iishie na kitu cha kuandika, na asije ofisini kwako bila hicho kitu mkononi.

Supavaiza_hoi:
Hiyo ya kutokuja mikono mitupu naichukua leo leo. Vifaa je? Sina kamera ya maana.

ChaktuKidogo:
Kamera ya nini, uso wako hauhitajiki. Rekodi skrini tu, kuna programu ya OBS Studio ni ya bure. Hangaikia sauti, picha ikififia watavumilia lakini sauti ikikwaruza wanaondoka, na ukuze herufi maana wengi wako kwenye simu. Weka na maandishi ya unachosema chini ya video, mwenye bando dogo asome, na asiyesikia vizuri naye asiachwe.

Supavaiza_hoi:
Shukrani sana. La mwisho, ile aya mbovu uliyoiweka kwenye skrini, mwanafunzi ulimwombaje ruhusa? Naogopa mtu aione ajisikie kudhalilishwa.

ChaktuKidogo:
Haikuwa ya mwanafunzi, ilikuwa yangu, nilifukua desetesheni yangu ya zamani. Mbovu kuliko zao zote.