Tupeane uzoefu: Waliosoma kozi ya bure ya historia ya chakula mtandaoni

Mwanzisha mada, Nyakato

Ndugu zangu, salamu kwenu. Kwa wiki tano nimekuwa nikisoma kwa simu, kila nikitoka kazini, kozi ya bure ya historia ya vyakula na karamu za wafalme wa Uingereza, iliyoandaliwa na Chuo Kikuu cha Reading pamoja na Historic Royal Palaces, taasisi inayotunza majumba ya kale ya kifalme. Inaanzia kwa Henry VIII na kuishia kwa Malkia Victoria. Mimi ni mhasibu, wala jikoni sisifiki. Nilijiandikisha kwa udadisi tu.

Katika masomo ya Henry VIII, aliyetawazwa mwaka 1509, nilianza kuwaza ni vitu gani havikuwepo mezani pake. Nyanya, viazi, mahindi na pilipili ni mazao ya Amerika, ambako Columbus alifika mwaka 1492, na yalichukua muda mrefu kuzoeleka Uingereza. Usiku huo nikaitazama sahani yangu: ugali wa mahindi, sato wa kuchemsha kwa nyanya, pilipili mbuzi moja na kipande cha limau. Mahindi, nyanya na pilipili asili yake ni Amerika, limau asili yake ni Asia, na hata sato huyu ninayemwita wa kwetu aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Mwenyeji pekee mezani nilikuwa mimi! Ziwa lenyewe nalo lina jina la kupewa, kwa kuwa ni Speke aliyefika hapa Mwanza mwaka 1858 na kuliita Victoria, kwa heshima ya malkia yule yule ninayemsoma.

Waliosoma kozi hii, au nyingine ya aina hii, naomba mtueleze iliwaachia nini.

Mchangiaji, Kirumba

Ahsante kwa mada, kaka. Mimi ni mfanyabiashara wa samaki pale Mwaloni, na nilisoma kozi hiyo pamoja na binti yangu aliyekuwa akinifafanulia Kiingereza kilichonizidi. Jambo lililonifanya nitafute zaidi hata nje ya kozi ni siku za samaki. Waingereza wa zama hizo walikatazwa nyama siku ya Ijumaa na katika Kwaresima yote, jambo ambalo sisi Wakatoliki hatulioni geni. Lakini mwaka 1563, wakati wa Elizabeth I, bunge likaongeza Jumatano, na sababu haikuwa ibada hata kidogo: waziri wake, William Cecil, alitaka wavuvi wapate soko, vyombo vya uvuvi viongezeke, na jeshi la majini lisikose mabaharia. Nilipowasimulia wenzangu sokoni, mmoja akauliza ni lini bunge letu litatupatia Jumatano yetu.

Walikuwa pia na samaki wa bahari ya kaskazini aliyekaushwa kwa upepo wa baridi hadi akawa mgumu kama ubao, na mpishi alimtwanga kwa nyundo ya mbao kwanza, ndipo amloweke. Anayejua kayabo ataelewa mara moja. Sangara tunampasua, tunamtia chumvi, tunamwanika, na mzigo unasafiri hadi Kongo. Huko mlaji hana budi kumloweka na kumwaga maji zaidi ya mara moja, la sivyo mboga hailiki kwa chumvi. Tatizo ni lile lile, samaki wengi na walaji walio mbali, ila wao walitegemea baridi na sisi tunategemea jua.

Mchangiaji, Sengerema

Naomba nitofautiane kidogo na mwanzisha mada. Baada ya kozi, nilimwendea bibi yangu nikiwa na maswali, nikamwambia kwamba michembe anayotusifia kuwa ndicho chakula cha Wasukuma inatokana na viazi vitamu, navyo asili yake ni Amerika. Alikuwa akikatakata viazi kwa ajili ya kuanika, na hakusimamisha kisu. Akaniuliza kama huko Amerika wanajua kutofautisha michembe, inayoanikwa ikiwa mibichi, na matobolwa, yanayochemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Sikuwa na jibu. Kwa maoni yangu mbegu inaweza kuwa ya mgeni na chakula kikawa cha mwenyeji, na hapo ndipo ninapoona hesabu ya sahani yako, kaka mhasibu, ina kasoro.

Mchangiaji, Igoma

Kwa anayetaka kuanza: video zinamaliza bando, lakini kila video ina maandishi yake, nami nilisoma hayo tu. Kusoma ni bure, cheti kinalipiwa.

Mwanzisha mada, Nyakato

Ndugu wa Sengerema, nakubali kusahihishwa, na bibi apewe shikamoo yangu. Nami nilimpigia mama simu kumuuliza walikula nini kabla ya sangara kutapakaa. Alitaja furu bila kusita. Alisema walikuwa wadogo, wenye miiba mingi, na waliwaanika juani tu bila gharama yoyote. Sangara walipowafagia furu katika miaka ya 1980, akina mama waliokuwa wakikausha samaki walijikuta na samaki mkubwa mwenye mafuta, asiyekubali jua peke yake, wakalazimika kutafuta kuni za kumbanika. Nilikuwa nikidhani habari ya sangara ni ya wavuvi na viwanda. Sikuwahi kuifikiria kuwa ni habari ya kuni. Dada wa Kirumba, kwa kuwa upo Mwaloni kila siku, tafadhali tuulizie kwa akina mama wakongwe wa hapo: furu waliuzwa kwa fungu au kwa kopo?