Ruta saba Nyanda za Juu Kusini: mpango wa njia uandikweje kabla ya kuhamia OSPF?

Fundi_Iringa
Wakuu, habari za kazi. Nahudumia mtandao wa chama cha akiba na mikopo. Makao makuu yapo Iringa, matawi yapo Mafinga, Makambako, Njombe, Songea, Mbeya na Tunduma. Kila mahali kuna ruta ya MikroTik yenye programu ya RouterOS 7. Faiba ya kukodi inatoka Iringa hadi Makambako kupitia Mafinga, kisha inagawanyika: upande mmoja Njombe na Songea, upande wa pili Mbeya na Tunduma. Kila tawi lina 4G ya akiba.

Njia zote zimeandikwa kwa mkono. Faiba ikikatika 4G inawaka, lakini tawi haliioni seva ya Iringa mpaka niingie mwenyewe kubadilisha njia. Halafu Mafinga na Njombe wote wanatumia safu ileile ya anwani, 192.168.88.0/24, ile inayokuja na ruta kutoka kiwandani. Meneja amekubali tuhamie OSPF, yaani ruta zijulishane njia zenyewe, ila anataka mpango ulioandikwa kwanza. Mchoro ninao. Niongeze nini?

Poti179
Mdogo wangu, hongera kwa kupata meneja anayedai maandishi. Mchoro unaonyesha nyaya zinapita wapi. Atakayeamshwa saa nane usiku wewe ukiwa safarini anahitaji kujua pia pakiti zilikusudiwa zipite wapi, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo isiyoweza kusomwa ndani ya ruta.

Anza na anwani, kwa sababu Mafinga na Njombe wakitangaza 192.168.88.0/24 pamoja, kila ruta itamfuata aliye karibu na mwingine atapotea. Chukua 10.20.0.0/16 uikate vipande vya /20. Iringa 10.20.0.0, Mafinga 10.20.16.0, Makambako 10.20.32.0, endelea hivyo kwa kuruka 16. Unapata vipande 16, matawi mapya yana nafasi. Kipande cha mwisho, 10.20.240.0/20, kiache kwa ajili ya mtandao wenyewe: /30 (anwani nne) kwa kila kiungo kati ya ruta mbili, na /32 (anwani moja tu) kwa kila ruta iwe kitambulisho chake, isiyofungwa kwenye kebo yoyote. Andika pia orodha ya printa na kamera za kila tawi. Hizo ndizo zitakazokuchelewesha, anwani zake huwa zimeandikwa kwa mkono na hakuna anayekumbuka.

Kwa ruta saba eneo moja la OSPF (kundi la ruta zinazoshiriki ramani moja), eneo 0, linatosha kabisa. Gharama za viungo zipange mwenyewe, mfano 10 kwa faiba na 200 kwa 4G (ndogo ndiyo hupendelewa), uandike sababu pembeni. Poti za watumishi zitangaze mtandao wake bila kutafuta jirani, na majirani wathibitishane kwa ufunguo. Andika na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kila kiungo; ncha mbili zikitofautiana, majirani wataonana lakini watakwama kwenye hatua ya ExStart, kabla ya kupeana taarifa za njia, na utatafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Sasa 4G, hapa kaa sana. Kampuni za simu mara nyingi hukupa anwani ya 100.64.0.0/10, ambayo haifikiki kutoka nje. Kwa hiyo tawi ndilo lianzishe handaki la WireGuard (VPN, njia ya siri ndani ya intaneti) kwenda Iringa, na OSPF ipite humo. Lakini lazima tawi liwe na njia ya mkono ya /32 kwenda anwani ya umma ya Iringa kupitia 4G. Usipoiweka, siku tawi litakapojifunza 0.0.0.0/0 (njia ya kwenda kokote) kupitia handaki, litajaribu kulipitisha handaki ndani ya handaki lenyewe. Litaanguka, litainuka, litaanguka tena. Mstari huo uandike kwa herufi nzito na sababu yake, maana siku moja mtu atauona kama takataka na kuufuta.

Mwalimu_Eldoret
Kwa ruta saba mimi singeleta OSPF. Njia mbili za mkono, moja distansi 1 na nyingine 10 (yenye namba ndogo ndiyo hutumika), halafu ruta ipime jirani kwa ping. Vitu vichache, maandishi machache.

Poti179
Mwalimu, kama matawi yote yangeshikana moja kwa moja na Iringa ningekuunga mkono. Hapa ni mnyororo. Kiungo cha Makambako na Njombe kikikatika, Iringa inampima Mafinga, Mafinga yuko hai, na data za Songea zinaendelea kutumwa zikafie njiani. Unaweza kupima anwani ya mbali zaidi, ila itabidi uandike hivyo kwa kila tawi, kwenda na kurudi, na maandishi hayatakuwa machache tena.

Fundi_Iringa
Asante dada, nimeelewa. Siku ya kuhama niifanyeje? Naogopa kuzima matawi yote kwa pamoja.

Poti179
Huzimi kitu. Baada ya kubadilisha anwani, washa OSPF kote huku njia za mkono zikiwepo. Za mkono zina distansi 1, OSPF ina 110, kwa hiyo za mkono zitaendelea kubeba kazi na za OSPF zitaonekana kwenye jedwali zikisubiri. Linganisha na ulichoandika kwenye mpango. Zikilingana, anza na njia za kwenda na kurudi Tunduma, maana hakuna tawi linalopita kwake: usizifute, zipandishe hadi 200. Kurudi nyuma ni kuzirudisha 1 tu. Ile ya /32 ya handaki usiiguse.

Kwa kila tawi andika jedwali la njia kabla na baada, nani ameruhusu, na saa ambayo ikifika kabla mambo hayajakubali unarudisha. Halafu kata faiba kwa makusudi, jioni baada ya wateja kuondoka, uone 4G inachukua. Kwa mipangilio ya kawaida OSPF hungoja sekunde 40 kabla ya kumhesabu jirani amekufa.

Hifadhi mipangilio ya kila ruta kwa amri ya export, ila RouterOS 7 huficha funguo na nywila isipoambiwa izionyeshe, hivyo hizo zitunzwe kando kwa siri. Na nakala moja ya mpango ichapwe ikae kabatini Iringa, pamoja na namba za laini za faiba na simu ya zamu ya usiku ya mtoa huduma. Ukiuweka kwenye seva peke yake, mtandao ukifa hutaufikia.