Mahindi: nitajuaje yamekauka kabla ya kuyafunga?

Mkulima wa Masindi: Wakuu, mvua haiishi na sina kipimo cha unyevu. Magunia 12 yanasubiri.

Fundi Ghala: Tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika chache, kisha uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: anika tena, juu ya turubai, si udongoni.

Mama Busia: Ndugu, chumvi isiponata usishangilie. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na chumvi haioni tofauti hiyo. Ongeza siku ya jua, au azima kipimo kwa mnunuzi. Sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, ndiyo iliyofanya Kenya izuie mahindi yetu ya Uganda Machi 2021. Kikomo ni sehemu 10 kwa bilioni, na kupika hakuiondoi.

Fundi Ghala: Kweli, mama. Na mifuko isiyopitisha hewa huua fukusi tu, haikaushi. Kamua hewa, funga kila tabaka peke yake. Tundu moja la panya, kazi bure.