Msaada: Funguo za milango ya Hilux ya 1994 zimepotea, ufunguo wa swichi ninao

ViaziNjombe (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Hilux ya 1994, kabini moja, injini 3L ya dizeli. Naibebea viazi kutoka mashambani hadi Makambako, na mara nyingine nafika nayo Iringa. Aliyeniuzia alipotelewa na funguo zote akiwa nayo. Akabadilisha swichi peke yake, milango akaiacha kama ilivyokuwa. Kwa hiyo ufunguo nilionao unawasha gari, ila mlangoni hauzunguki.

Mlango wa abiria naufunga kwa ndani. Wa dereva unalala wazi. Nikifika gesti lazima nimlipe mlinzi akae jirani na gari, na bado kuna asubuhi niliamka nikakuta jeki na spana zimeondoka. Gari hili ndilo linalolisha nyumba yangu, sitaki nifike mahali nikaamka nikakuta na betri haipo.

Fundi mmoja amesema nibadilishe vitasa vyote viwili. Mwingine anataka avitoboe kwa drili. Mimi nauliza, hakuna namna ya kupata ufunguo wa vitasa hivi hivi? Ni vya Kijapani, bado viko imara, na roho inaniuma kuvitupa.

Kipanya77

Pole sana mkuu. Usijitese, nunua seti mpya. Kariakoo maduka ya spea yanauza swichi na vitasa viwili vya mlango, vyote ufunguo mmoja. Unafunga siku hiyo hiyo, mambo yameisha.

FundiTupa

Mkuu ViaziNjombe, kabla hujatoa hata shilingi fanya jambo moja. Chukua huo ufunguo wa swichi uingize kwenye kitasa cha mlango. Je, unaingia wote hadi mwisho ila hauzunguki, au unakwama njiani? Jibu hapa kwanza.

Na drili usikubali. Kitasa kizima hakitobolewi.

ViaziNjombe

Unaingia wote fundi. Milango yote miwili. Kuzunguka ndiyo haukubali.

FundiTupa

Vizuri sana, hiyo ni habari njema. Maana yake mifereji ya ubavuni mwa ufunguo ni ileile, kinachotofautiana ni meno tu. Sasa nisome taratibu.

Ndani ya kitasa cha gari kuna vibati vidogo vya shaba, kila kimoja na spiringi yake. Kila kibati kina tundu katikati, na matundu hayo hayako kimo kimoja. Ufunguo ukiwa wake, vibati vyote vinashuka vinakuwa sawa na ile silinda, yaani kipande ambamo ufunguo unaingia, nayo inazunguka. Kukiwa na kibati hata kimoja kilichochomoza, haizunguki. Kwa hiyo usidhani ufunguo umepotea na siri yake. Mpangilio wote wa meno bado umo ndani ya kitasa, na mara nyingi umeandikwa hata kwa nje.

Nasema umeandikwa kwa sababu Toyota nyingi za miaka hiyo zina namba iliyogongwa kwenye mwili wa kitasa cha mlango wa abiria. Ni tarakimu nne au tano. Namba hiyo ndiyo ilikuwa kwenye kile kibati kidogo cha aluminiamu ambacho gari jipya huja nacho pamoja na funguo. Mchonga funguo mwenye jedwali la namba za Toyota anakuchongea ufunguo bila kuwa na wa mfano. Tena unatoka bora kuliko wa kunakili, kwa sababu ukinakili ufunguo uliolika unanakili na ulikaji wake.

Namna ya kukitoa:

Pandisha kioo hadi juu kabisa, kikibaki chini kitakuzuia mkono. Hendeli ya kioo imeshikwa na klipu kwa nyuma. Pitisha kitambaa kati ya hendeli na kava ya mlango, ukivute huku na huku kama unayepiga kiatu rangi, klipu itachomoka. Weka mkono mwingine juu yake maana inaruka na kupotea. Kisha fungua skrubu za kishikio cha kuvutia mlango na za ile fremu ya kifungulio cha ndani. Kava yenyewe imeshikwa na vibanio vya plastiki pembeni, ing'oe polepole kuanzia chini kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Nyuma yake kuna nailoni ya kuzuia maji. Ibandue bila kuichana na uirudishe baadaye, wengi wanaitupa halafu wanalalamika kava inaoza.

Ingiza mkono, utakigusa kitasa kwa nyuma. Kuna kifimbo cha chuma kinachokiunganisha na loki, ile inayoshika mlango usifunguke, kichomoe kwenye plastiki yake. Kitasa kimebanwa kwenye bati la mlango na klipu yenye umbo la kwato, isukume kwa bisibisi itateleza. Kitasa kitatokea nje. Kisafishe kwa petroli na brashi, uangalie ubavuni chini ya mwanga.

Kipanya77

Fundi, kwani gari la 1994 si litahitaji kupangiwa programu ya ufunguo? Shemeji yangu alilipa pesa nyingi kwa hilo.

FundiTupa

Hapana, hilo ni la magari yenye chipu ndani ya kichwa cha ufunguo. Hilux ya 1994 haina. Hapa ni chuma kwa chuma.

Wambui_wa_Spea

Hamjambo ndugu zangu, niko Nairobi. Huku mtu akiwa na shida kama hii huwa anakimbilia Kirinyaga Road, kule Grogan, kutafuta vitasa vilivyotumika. Si vibaya, lakini usikubali kununua kitasa ambacho ufunguo wake haupo. Ujaribishe mbele ya muuzaji, uzungushe kulia na kushoto. Na ukinunua cha mlango mmoja tu, utakuwa unatembea na funguo mbili mfukoni.

Kuhusu seti mpya za bei rahisi, mimi nimeuza spea na nasema wazi: nyingi chuma chake ni laini. Za kwanza kulika ni zile za mlango wa dereva. Vitasa vya Japani vya zamani ukivisafisha vinazishinda.

MzeeBonde

Vijana mnazunguka sana. Mwambieni fundi achomoe ile silinda, aingize ufunguo wa swichi, vibati vinavyochomoza avipige tupa viwe sawa. Ufunguo mmoja kila kitu. Nimefanya hivyo kwenye gari langu miaka mingi.

FundiTupa

Shikamoo mzee. Ni kweli inafanya kazi, na wengi wanafanya. Ila kibati ukikipiga tupa hakizuii tena chochote. Ukipiga tupa vitatu au vinne, kitasa kinabaki na vichache vya kulinda, na ufunguo wowote wa Toyota uliolika unaweza kukifungua. Huyu ndugu yetu analala njiani na mzigo, kwake nisingeshauri.

Lakini lengo la mzee ni zuri, kuwa na ufunguo mmoja. Njia yake sahihi ni kupanga upya vibati. Vimo vyake ni vichache, na vinajirudia. Ukiwa na vitasa viwili vya mlango, na kingine chakavu cha Toyota ya aina hiyo ambacho fundi yeyote anacho kwenye kopo, unachagua vile vinavyolingana na ufunguo wa swichi unavipanga humo. Hakuna kinachokatwa.

Tatizo ni kwamba silinda haichomoki mpaka vibati vyote vishuke. Ndiyo maana nasisitiza namba. Ufunguo wa asili ukipatikana, silinda inatoka bila kuumizwa.

MzeeBonde

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kopo la vitasa chakavu umenikumbusha, ninavyo viwili vya Hilux. Ndugu akipita Mafinga aniandikie ndani nimpe bure.

MamaCanter

Mimi naongezea la karatasi. Nenda kwa mchonga funguo ukiwa na kadi ya gari na kitambulisho chako. Ikiwa kadi bado ina jina la aliyekuuzia, beba na mkataba wa mauziano, na ushughulikie kubadilisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Mchonga funguo ambaye hakuulizi chochote na anakuchongea ufunguo wa gari kwa namba tu, kesho atamchongea na mwizi. Mimi nikikuta wa hivyo naondoka. Na hiyo namba usiipige picha ukaiweka hapa jukwaani.

Jambo jingine, hadi upate ufunguo, usifunge mlango wa dereva kwa kubonyeza kitufe huku umeshika kifungulio cha nje. Toyota za zamani zinakubali kujifunga hivyo, na wewe huna cha kufungulia. Kijana wangu alivunja kioo kwa namna hiyo hiyo.

ViaziNjombe

Nimerudi wakuu. Kitasa cha abiria nimekitoa. Kulikuwa na tope limekauka kabisa, lakini nilipokisafisha namba imeonekana, tarakimu tano, inasomeka vizuri. Mchonga funguo wa Iringa nimempigia, anasema mashine anayo na jedwali analo, na ameuliza kadi ya gari kabla sijataja. Kesho nashuka. Mzee, nakuja Mafinga pia, Mungu akubariki.

Fundi, nikipata ufunguo nipake girisi humo ndani?

FundiTupa

Usipake girisi. Na vumbi la huko kwenu itageuka tope lilelile ulilolitoa. Saga risasi ya penseli iwe unga, upulizie ndani, ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Inatosha.

Ukiwa kwa mchongaji nenda na kitasa chenyewe mkononi, ujaribu palepale. Chonga funguo mbili, mmoja ubaki nyumbani. Na ukirudisha kitasa mlangoni, jaribu ufunguo wakati mlango ukiwa wazi na kava haijafungwa: funga, fungua, pande zote mbili, uone kifimbo kinasukuma loki. Kikiwa kimekaa vibaya, ni bora ukijue hapo kabla hujafunga mlango.