Panya kuganda akiwashiwa mwanga kwenye striatamu (sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza mwendo): ni sakiti ya neva au ni joto?

Wakuu, jaribio la Kravitz na Kreitzer (2010): kuchochea kwa mwanga seli za D2 (seli za striatamu zenye kipokezi cha aina ya D2 cha dopamini, kemikali ya ubongo) kulimgandisha panya. Nitahakikishaje si joto la mwanga?

— Mkuu, weka kundi la panya wenye protini inayong'aa tu, bila chaneli-rodopsini (protini inayofanya seli ziitikie mwanga). Wape mwanga uleule wa buluu, miliwati zilezile, muda uleule. Nao wakibadilika, punguza nguvu.

— Chochea pande zote mbili za ubongo. Upande mmoja tu, panya huzunguka badala ya kuganda.

— Jaribu na seli za D1 pia (zenye kipokezi cha aina ya D1). Hizo huongeza mwendo. Katika utafiti huo ziliwarudishia mwendo hata panya waliopoteza dopamini, na hilo joto haliwezi kulieleza! Mwishowe kata ubongo vipande, uone ncha ya nyuzi inayopeleka mwanga ilifika wapi.