Pianola ya kukanyaga: vifaa vya zamani ama vya kisasa?

kibokoni_boy
Salaam wadau. Tuna pianola ya kukanyaga hapa nyumbani, ile piano inayojipiga yenyewe kwa hewa ukikanyaga pedeli, imekaa kimya miaka mingi na sasa tunataka iimbe tena. Seremala kaifungua, kitambaa cha mpira kwa mivukuto kimekauka chavunjika kama biskuti, anataka atie gundi nyeupe ya mbao na reksini kila mahali ati vitu vya zamani havihimili unyevu wa Mombasa. Kaka yangu naye kashikilia kila kitu kirudi vile kilivyotoka kiwandani. Nimsikize nani?

fundi_kuze
Mwambie kwanza aiweke chini hiyo gundi nyeupe. Ikishanywewa na mbao haitoki, na mle ndani mivukuto midogo iko 88, kila noti na wake, siku moja itataka kufunguliwa tena na hapo itabidi mbao ikatwe. Gundi ya ngozi ile ya kuchemsha ukiipa joto na maji yaachia. Reksini pia nzito yakhe, pianola haipulizi, yafyonza, na nguvu yenyewe ni ya miguu yako tu, kitambaa kikiwa kigumu nyundo haifiki kwa waya. Ila mipira ya kupitisha hewa tia neoprini, ule mpira wa kisasa, hapo kaka yako akubali tu.

mama_salma
Na kuvu je? Gundi ya kuchemsha nimeiona ikiota kuvu, nyumba iko karibu na bahari

fundi_kuze
Kweli yaota, ndo maana hiyo pianola usiisukume ikaganda kwa ukuta wa matumbawe unaotoa maji, iache ipumue nyuma. Pakiachia mahali wapasha tu warudisha.

nyali_sauti
Kwa zile ngozi nyembamba za kuinua vali, vile vilango vya hewa, usikate ngozi ya ngoma jamani, haitainuka. Ngozi iwe laini, kisha iweke mdomoni uifyonze, hewa ikipita ovyo hiyo haifai. Marekani miaka ya 70 mafundi walitia plastiki ikiitwa Perflex, ikaharibika upesi wakaanza kazi upya.

kibokoni_boy
Haya seremala nishamsimamisha 😂 hiyo gundi ya kuchemsha naipata wapi?

fundi_kuze
Ulizia kwa wanaotengeneza udi za taarab. Na usiiweke juu ya moto hivi hivi, kopo liwe ndani ya sufuria ya maji, joto likizidi sana nyuzi 60 yapoteza nguvu.