Mrejesho: orodha ya picha kwa wapiga kamera wakati wa matangazo mubashara

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuwafikishia wapiga kamera watatu orodha ya picha (yaani kila kamera ipige nini na wakati gani) tamasha la kwaya likirushwa mubashara, kwa kuwa karatasi zilipoteza maana kila mpangilio wa nyimbo ulipobadilika. Nawashukuru nyote mlionijibu.

Niliufuata ushauri wa kutumia Google Sheets, programu ya majedwali ya mtandaoni: orodha kuu hukaa kwa mwongozaji, na kila kamera ina ukurasa wake unaochota mistari yake kwa fomula ya FILTER, hivyo wimbo ukihamishwa, orodha kwenye simu za wapiga kamera wote hubadilika zenyewe. Msaidizi huandika namba ya picha inayoendelea katika kisanduku kimoja cha orodha kuu, na mstari husika hugeuka kijani (atakayejaribu ajue kwamba kanuni ya rangi inayorejea ukurasa mwingine huhitaji fomula ya INDIRECT). Kwa kamera mbili za stendi, jambo hili lilifaulu vizuri.

Lililoshindikana ni kuachana na maelekezo ya sauti. Intaneti ilipolemewa ukumbini rangi ilichelewa, na mpiga kamera wa begani, aliyekuwa akitembea kati ya waimbaji, hakupata nafasi ya kusoma chochote. Yeye tulimwelekeza kwa intakomu tu (sauti ya mwongozaji kwenye vifaa vya masikioni). Programu zinazofuata msimbo wa muda (yaani zinazobadilisha picha kwa saa iliyopangwa tangu mwanzo) sikuzijaribu, kwani kwaya yetu haiimbi kwa kasi maalumu.